Minazi Tisa ya Bi Mwanasiti

Ugonjwa ulipopita Mwera mara ya kwanza, ulifagia. Ulianza kwa vidaka, zile nazi changa, kupukutika, watu wakasema ni jua. Kisha makarara, yale maganda yanayofunika maua, yakachomoza meusi kama yaliyobabuliwa na moto, makuti yakageuka manjano kutoka chini kwenda juu, na mwisho kilele chenyewe kikadondoka. Mashamba yakabaki na magogo matupu yaliyosimama wima, na waliokuwa wakipeleka nazi Tanga wakawa wanazinunua zikitoka Tanga. Katika shamba la Bi Mwanasiti, nyuma ya bonde la mpunga, minazi tisa haikufa.

Hakuna aliyejua kwa nini. Haikuwa pamoja, useme labda udongo ule ulikuwa na lake. Mmoja ulikuwa kando ya choo, miwili karibu na kisima, mingine imetawanyika katikati ya maiti za wenzao. Majirani walinong'ona kwamba Bi Mwanasiti kazika kitu shambani. Mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba hajazika chochote mle isipokuwa mume.

Tuhfa alikuja baadaye, ugonjwa ulipokwisha kutulia. Alikuwa mwanamke wa Wete, Pemba, aliyesomea magonjwa ya mimea Morogoro, na kazi aliyopewa ilikuwa kukikalia kituo kidogo cha utafiti ambacho wenzake wote walikikataa: vyumba viwili, hadubini moja, na jokofu ambalo umeme ukikatika lilikuwa kabati kama kabati jingine. Siku aliyoonyeshwa ile minazi tisa, alizunguka kutoka mti hadi mti, akiweka kiganja juu ya kila shina, mpaka Bi Mwanasiti akamuuliza kama anatafuta kuinunua.

"Sinunui, Bibi. Nataka kujua kwa nini haikufa."

"Na ukishajua?"

"Mbegu zake tuzipande pwani nzima."

"Basi mbegu hizo hapo chini. Zoa ukapande."

Tuhfa alicheka, lakini hakuzoa. Alijaribu kumweleza. Mvua kubwa ikinyesha, alisema, hakosekani mtu atakayefika nyumbani mkavu. Huwezi kusema ngozi yake haishiki maji. Labda alipita chini ya varanda. Minazi tisa kati ya mamia inaweza kusalimika kwa bahati tu, na bahati hairithiwi na mbegu. Njia ya kujua ilikuwa moja: ugonjwa urudi, uizingire tena, na watu waone kama itasimama.

"Mungu apishe mbali," alisema Bi Mwanasiti.

"Amin," alisema Tuhfa. Aliitamka vizuri, lakini haikutoka moyoni yote.

Basi akawa anakwenda kila mwezi. Alipima majani, alihesabu makole ya nazi, alitoboa mashina kwa keekee na kuchukua unga wa ndani yake, alitega wadudu wanaofyonza utomvu, kwa kuwa hao ndio waliodhaniwa kubeba kile kijidudu kinachoiua minazi. Mwaka wa kwanza alipokewa kwa dafu, kama mgeni. Mwaka wa pili akikaribia tu ukumbini anasukumiwa mbuzi na nazi mbili, akune. Alijua mti upi hutoa nazi za mviringo na upi hutoa ndefu. Aliujua ule wa kando ya choo kwa namna ulivyoinama, kama mzee anayetafuta kiatu. Hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha duniani, na ripoti zake za kurasa chache, zenye miti tisa tu, zilirudishwa na kila jarida alilozipelekea, kwa maneno ya adabu: sampuli ni ndogo mno.

Kisha ukaja Mradi.

Ulikuwa mradi wa nchi nyingi, kuanzia kule Afrika ya Magharibi minazi ilikoangamia hadi Msumbiji na kwetu. Ulikuwa na picha za setilaiti, ndege zisizo na rubani, maabara Ulaya na maabara nyingine Asia, na sampuli za makumi ya maelfu ya minazi. Msimamizi wa kanda ya Tanga alikuwa Abdulghani, mtoto wa Chumbageni, Tanga mjini, aliyekaa dawati moja na Tuhfa kule Morogoro na kumnong'oneza majibu ya takwimu. Alifika Mwera mwenyewe kumkaribisha.

"Dada, umekaa peke yako mno," alimwambia. "Njoo tuwe wengi."

Tuhfa alifurahi, na wala hakujificha. Mradi ulimpa jokofu jipya na sola ya kuliendesha. Ulichukua vipande vya minazi yake tisa ukavipeleka Ulaya kusomwa vinasaba, kitu ambacho yeye asingeweza kukifanya hata angeishi Mwera miaka mia. Sharti la kila kituo lilikuwa lilelile pwani nzima: ukiona mnazi unaumwa, toa taarifa, na minazi yote inayouzunguka mpaka umbali fulani itakatwa na kuchomwa, mizima kwa migonjwa. Lengo lilikuwa kuuzuia ugonjwa kusini ya mto Pangani, usivuke kwenda Muheza na Tanga na Mkinga. Tuhfa aliona ni sharti la busara. Angelitunga yeye, angelitunga vivyo hivyo.

Mwaka uliofuata, baada ya vuli, alikuwa akikatisha shamba la jirani, Rahimu, ambaye alikuwa amepanda minazi michanga pale ilipofia ile ya baba yake. Aliona vidaka chini. Aliinua macho. Karara lilikuwa limepasuka, na ndani yake mlikuwa meusi.

Mnazi ule mgonjwa ulikuwa karibu na mpaka wa Bi Mwanasiti. Wadudu wangevuka wakati wowote, kama hawajavuka tayari. Jambo alilolisubiri limekuja lenyewe. Angenyamaza msimu mmoja tu, au miwili, angejua. Minazi tisa ingesimama tena katikati ya ugonjwa, na hapo hakuna ambaye angesema ni bahati. Au ingekufa, na angejua pia.

Lakini Ushongo, kijiji cha wapwa zake Bi Mwanasiti, kilikuwa upande uleule wa mto, na minazi ya Ushongo ilikuwa minene, imejaa, watu wanaila na kuiezekea na kuiozeshea mabinti. Baada yake ni mto, na mto si kitu kwa mdudu mwenye mabawa. Tuhfa alitoa simu mkobani, akampigia Abdulghani jioni ileile.

"Ahsante, dada," alisema Abdulghani. Kisha akakumbuka. "Ile yako ipo ndani ya duara la kukatwa?"

"Ipo yote."

Walikutana ofisini kwake Tanga, chai ikapoa mezani. Tuhfa hakuomba minazi ya Rahimu. Hiyo ikatwe, hata kesho. Aliomba tisa tu. Izungushiwe chandarua, ipigwe dawa ya wadudu, hata yeye mwenyewe awekewe mlinzi kama hawamwamini.

"Chandarua cha urefu wa mnazi?" Abdulghani alisema kwa upole. "Tuhfa. Wewe ndiye uliyenifundisha kutomdharau mdudu."

"Basi msimu mmoja. Ghani, huu ndio mtihani wenyewe. Hamuwezi kuutengeneza maabara. Una sampuli ngapi kule? Elfu ngapi? Ni majani yaliyokatwa. Hayaumwi, hayaponi. Hii ipo hai, na ugonjwa upo mlangoni."

"Najua."

"Sasa?"

Abdulghani alivua miwani, akaiweka juu ya faili. "Nikuulize kitu, na unijibu kama mtafiti. Unasema minazi yako haiugui. Je, haibebi?"

Tuhfa alisukuma kikombe pembeni.

"Mtu anaweza kuwa na homa ya matumbo asiumwe, akaambukiza mtaa mzima. Kama minazi yako inabeba kijidudu bila kuonyesha, ndiyo mibaya kuliko yote. Iko pale kijani, inalisha wadudu, na sisi tunaipigia makofi. Unaweza kuniambia haibebi?"

"Vipimo vyangu havijaona kitu."

"Vipimo vyako vinaweza kukiona kikiwa kidogo?"

"Haviwezi," alisema Tuhfa. "Nimewaletea ninyi mpime. Majibu yako wapi?"

"Kwenye foleni. Wanapima nchi baada ya nchi. Hatujafikiwa."

Hata hivyo Abdulghani alimpangia aongee na kamati, kwa njia ya mtandao. Tuhfa alivaa baibui lake la Idi, akakaa mbele ya kompyuta, na nyuso za watu wa nchi sita zikamtazama kutoka kwenye visanduku vyao. Walimsikiliza vizuri. Hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyemdharau. Mama mmoja wa Ghana alisema kwa masikitiko kwamba kwao waliwahi kuacha shamba moja, kwa ombi kama hili, na lile shamba ndilo lililowamaliza. Kisha mwenyekiti akamshukuru kwa moyo wake, akasema utaratibu ukilegezwa mahali pamoja umelegezwa kila mahali. Tuhfa alikuwa mtafiti, na lile lilikuwa jibu la utafiti. Akasema ahsante, na visanduku vikafungwa kimoja kimoja.

Kumwambia Bi Mwanasiti aliachiwa yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa hivyo? Kwenu Pemba wazima?"

Akamweleza yote, bila kumficha kitu, na kwamba aliyepiga simu ni yeye. Bi Mwanasiti alikuwa akipeta mchele. Hakuacha kupeta.

"Ile ni mizima," alisema mwishoni.

"Ndiyo, Bibi."

"Yenyewe haijamuudhi mtu. Imekosa nini?"

"Haijakosa. Wanaogopa isije ikaubeba ugonjwa kwenda Ushongo."

"Na wewe unaogopa?"

Tuhfa alitaka kusema hapana. "Sijui, Bibi. Wallahi sijui. Ningeachiwa ningejua."

Bi Mwanasiti aliweka ungo chini. "Wangekuwa watu wabaya ningewatoa kwa panga," alisema. "Shida ni hivi mnavyokuja na adabu zenu."

Wakataji walikuja asubuhi na gari la Mradi. Mwenye msumeno wa mashine alikuwa Lucas, mtu wa Maramba, mwenye maneno machache. Alianza na minazi ya Rahimu. Amri ilikuwa kwamba hakuna kitu kitakachotoka ndani ya duara: wala kuti, wala kumbi, wala nazi. Yote yachomwe palepale. Bi Mwanasiti alipolisikia hilo alitoka ukumbini na mbuzi mkononi, akamfuata Abdulghani aliyesimama kando ya gari.

"Mwanangu, umesema nazi zisitoke shambani?"

"Ndiyo, Bibi. Utusamehe."

"Hazitatoka. Nitapikia humu humu. Watu hawa wamefanya kazi tangu asubuhi, na kwangu mtu hakati mti akaondoka na njaa."

Abdulghani alimtazama Tuhfa, na Tuhfa akaangalia pembeni. Hakukuwa na amri iliyokataza wali.

Basi minazi tisa ikaanguka, mmoja mmoja, huku sufuria likichemka. Kila mmoja ulipolalia ardhi, nchi ilitikisika kidogo chini ya nyayo. Ule wa kando ya choo ulikatika kabla Lucas hajamaliza, kwa namna ulivyokuwa umeinama, ukalivunja paa la choo. Tuhfa alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna. Alikuwa amejua tangu usiku kwamba akisimama bure atapiga kelele. Kila gogo lilipoanguka alikwenda, akachukua, kwa ruhusa ya Mradi, kipande cha moyo wa mnazi, akakitia kwenye mfuko, akaandika namba, akarudi kukuna. Tui lilikuwa zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

Wakala wali wa nazi na dagaa chini ya jua kali, kwa kuwa kivuli hakikuwapo tena. Lucas alisema kwamba hajawahi kula wali kama ule. Kisha akatambua alichokisema, akainamisha kichwa. Adhuhuri wakamwaga mafuta ya taa juu ya makuti, wakawasha, na moshi ukaelea juu ya bonde la mpunga mpaka Alasiri.

Mvua zilinyesha, zikapita, zikanyesha tena. Ushongo minazi yake ilisimama mizima. Ng'ambo ya mto pia. Wakubwa wa Mradi waliitaja Tanga katika mikutano, na Abdulghani alialikwa nchi za mbali kueleza. Pengine walistahili. Pengine ugonjwa ungetulia wenyewe, kama ulivyotulia mara ya kwanza. Tuhfa aliulizwa na mwandishi mmoja wa redio kama ukataji ndio uliookoa pwani, akasema hajui, na jibu lake halikurushwa hewani. Kituo chake kilikuwa kimejaa kazi sasa: alikusanya sampuli, akazipanga, akazituma. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakumbuki hata mti mmoja.

Siku moja akapata barua pepe kutoka maabara ya Ulaya. Iliandikwa na dada mmoja aliyekuwa akichambua vinasaba, ambaye hawajawahi kuonana naye. Foleni ilikuwa imefika. Katika minazi tisa ya Mwera, alisema, hakuna hata mmoja uliokutwa na kijidudu, hata kwa kipimo kikali kuliko vyote. Na yote tisa ilikuwa na kitu katika vinasaba vyake ambacho hakijaonekana kwenye mnazi mwingine wowote kati ya yote waliyoisoma. Asingependa kupandisha matumaini. Inaweza kuwa ndiyo kinga. Inaweza pia kuwa alama ya ukoo tu, minazi iliyotoka kwa mama mmoja, isiyohusiana na ugonjwa kabisa. Kwa miti tisa, na kwa vipande vilivyokufa, hesabu haimruhusu kusema chochote. Je, Tuhfa angeweza kumtumia nazi za mbegu kutoka kwenye minazi ile, ili zioteshwe na kujaribiwa?

Tuhfa aliisoma barua ile mpaka herufi zikaanza kuelea. Kisha akampigia Abdulghani, akamsomea.

Pikipiki zilisikika nyuma ya Abdulghani. "Hatukukosea, Tuhfa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza.

"Hamkukosea."

"Kwa tulichokijua siku ile."

"Ghani, sijakulaumu. Nimekupigia kwa sababu sina mwingine wa kumpigia."

Vile vipande vya moyo wa mnazi vilikuwapo jokofuni, lakini vilikuwa vimegandishwa, na kilichokufa hakioti. Alikwenda kwa Bi Mwanasiti kumuuliza kama katika miaka ile yote alipata kumpa mtu nazi ya kupanda. Bi Mwanasiti alifikiri. Nazi zake zilikwenda sokoni kwa kuliwa, alisema. Kisha akashika kifua. "Shadya, mtoto wa kaka yangu! Alipoolewa Maramba nilimpelekea mche. Ulikuwa umeota vizuri, wa mmoja wa ile ya kisimani. Aliupanda mbele ya nyumba, aliniambia mwenyewe."

Walikwenda Maramba wote wawili kwa gari la Mradi, Abdulghani akiendesha. Njia nzima Bi Mwanasiti alikuwa akihesabu umri wa mnazi ule kwa watoto wa Shadya: ulipandwa kabla ya wa kwanza, kwa hiyo sasa unazaa, hauna budi kuwa unazaa. Tuhfa alijikataza kutumaini, akatumaini. Alikuwa amebeba keekee na magunia.

Mbele ya nyumba ya Shadya palikuwa na mnazi. Tuhfa alishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

Shadya alitoka, akawaamkia, akamkumbatia shangazi yake. Alipoelezwa walichokifuata, uso ukamshuka. "Shangazi, nisamehe," alisema. "Huo si wako. Wako ulikufa kiangazi cha kwanza, mbuzi waliula. Niliona haya kukwambia. Baba Uweso akanunua mche mwingine Mtimbwani, ndio huu."

Abdulghani alikuwa bado ameshika funguo. Tuhfa alitoboa shina la mnazi ule hata hivyo, akachukua unga wake, akauandikia namba, kwa kuwa mikono ilihitaji kufanya kitu na kwa kuwa huwezi kujua. Majibu yalipokuja baadaye, ulikuwa mnazi wa kawaida.

"Mtoto hana kosa," alisema Bi Mwanasiti wakati wa kurudi. "Nani angejua kwamba mche ule ulikuwa wa maana? Hata mimi sikujua. Hata sasa hamjui. Au mnajua?"

"Hatujui, Bibi," alisema Tuhfa.

"Mtakuja kujua?"

Abdulghani alitazama barabara.

"Hapana, Bibi," alisema Tuhfa. "Hili hatutalijua."

Usingizi ulimchukua Bi Mwanasiti kabla ya Muheza, kichwa kikamlalia Tuhfa begani. Tuhfa hakusogea. Alitoa simu, na kwa mkono mmoja akaanza kumwandikia yule dada wa maabara kwamba minazi aliyoiomba haipo. Aliandika kwa nini haipo, akafuta, akaandika tena kwa ufupi zaidi.